Ngoma ya Pande Mbili

Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma hakuna jaji wala karatasi ya alama. Kundi la Bagika na kundi la Bagalu yanaingia uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na yote mawili yanaanza kwa wakati mmoja. Watu wako katikati. Anayeona ngoma ya huku imekolea anasogea huku. Ikipoa, anageuka na kwenda kule, na hakuna wa kumzuia. Jua likizama, kundi lililovuta umati mkubwa ndilo lililoshinda. Shughuli hii hufanyika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani na vijana wana nafasi na nguvu zilizobaki.

Naanzia hapo kwa sababu nataka kuzungumzia tamasha la mtaani kwa mji wa Mpanda, na hasa kwa kata ya Nsemulwa: michoro ukutani, muziki wa papo kwa papo, ngoma na michezo barabarani. Kila hoja ya namna hii inapoibuka katika miji yetu ya bara, macho hukimbilia mbali, Zanzibar, Dar es Salaam, Kampala, hata Accra. Si vibaya kutazama huko, nami nitatazama. Lakini ukiziweka ngoma zetu za zamani kando ya matamasha ya sasa, tofauti kubwa haiko kwenye umeme, spika wala fedha. Ngoma ya zamani ilikuwa na pande mbili. Tamasha la leo lina jukwaa moja.

Tuanze na Mpanda yenyewe. Huu ni mji uliokuzwa na reli na mgodi. Njia ya treni kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ilifika huku mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na ikaleta watu wa kila kabila kati ya wenyeji wa eneo hili, Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao wakitafuta malisho na mashamba. Wakaja pia wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kupewa makazi Katumba na Mishamo, ambao wengi wao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Mwaka 2012 Katavi ikamegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa. Nsemulwa ni kata mojawapo ya manispaa hiyo. Kwa hiyo tunapouliza tamasha la Nsemulwa liwe la namna gani, tunauliza jinsi watu wa asili tofauti wanavyoweza kucheza kwenye barabara moja bila mmoja kuwa mtumbuizaji wa mwenzake.

Wasukuma wanastahili kutazamwa kwa karibu kuliko wengine, maana kwao utaratibu umekamilika. Inasimuliwa kwamba waasisi wa pande hizo mbili walikuwa waganga wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na ushindani wao wa dawa ndio uliozaa ushindani wa ngoma. Mpaka leo dawa ya kuvuta watu ni sehemu ya mchezo. Viongozi wa ngoma huitafuta kama kocha anavyotafuta mshambuliaji. Ndani ya pande hizo mna vyama na mitindo mingi. Wapo wa bugobogobo, ngoma iliyotokana na kulima kwa pamoja: mchezaji anarusha jembe juu, linajizungusha hewani, analidaka kwa mpini wake na mguu haujakosa pigo hata moja. Wapo Bagoyangi, wacheza na nyoka, ambao chatu kwao ni mwenzao uwanjani. Na wapo Bununguli, ambao asili yao ni uwindaji wa nungunungu. Muhimu kwa hoja yangu ni kwamba Bagika na Bagalu si koo. Mtu wa ukoo huu anaweza kuwa huku na ndugu yake akawa kule. Mpaka wa ngoma haufuati mpaka wa damu.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliuchukua utaratibu huu akauunganisha na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Sherehe hiyo, iitwayo Bulabo, ikawa ya kila mwaka, na pembeni yake ikakua Makumbusho ya Wasukuma. Wapo wanaoona kwamba kanisa liliiteka ngoma. Mimi naona kinyume chake: padri yule alielewa kwamba hawezi kuondoa pande mbili na akabaki na kitu chenye uhai, akaziacha zishindane.

Na kuhusu kuta? Watu wengi wanaamini kwamba sanaa ya ukutani ni mambo ya vijana wa mjini na makopo ya rangi ya kupuliza. Lakini kanda hii ya magharibi ina historia yake. Hans Cory, mtafiti aliyekaa Tanganyika miaka mingi, alichapisha mwaka 1953 kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Walichora nyoka, watu na matukio ya hekaya zao kwenye kuta za nyumba za chama, na michoro hiyo ilikuwa ya kufundishia wanachama. Asiyeingizwa chamani hakuiona. Hapa ndipo ukuta wa wacheza nyoka unapopishana na ukuta wa mtaani wa leo. Ule wa kwanza ulikuwa ndani, ukizungumza na waliokula kiapo. Huu wa pili uko nje, ukizungumza na mpita njia yeyote, hata yule asiyetaka kuzungumzishwa. Wa kwanza ulilindwa na siri. Wa pili hauna kinga yoyote ila kupendwa na wenye mtaa.

Tuteremke pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, vijana wa Lamu na Mombasa walianza kucheza beni: tarumbeta na ngoma kubwa, sare, vyeo, gwaride la kuiga majeshi na mabwana wa Kizungu. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi. Baadaye yakaja majina yaliyoenea kote, Arinoti na Marini, na Vita Kuu ya Kwanza ikayabeba pamoja na askari na wapagazi hadi miji ya bara. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, alionyesha jinsi mtu wa Arinoti alivyoweza kufika mji wa ugenini akapokewa na Arinoti wenzake, akalishwa, na akifa, akazikwa nao. Watawala wa kikoloni waliichunguza beni kwa wasiwasi, wakihofu kwamba nyuma ya magwaride kuna siasa. Hawakukosea sana, maana watu waliojifunza kuendesha kamati, kuchanga fedha na kuandikiana barua toka mji hadi mji wangeweza kufanya mengi zaidi ya kucheza.

Angalia sasa kufanana kwa beni na ngoma ya Kisukuma, ingawa moja ina tarumbeta na nyingine jembe. Zote zina pande mbili. Zote zinavuka kabila. Zote zinamfanya kila mkazi awe wa upande fulani, hata asiyejua kucheza, maana anachanga, anapika, anashona, anashangilia, anabishana nyumbani usiku. Tabia hii haijatutoka. Taarabu ya Tanga iligawanyika kati ya Black Star na Lucky Star. Dar es Salaam iligawanyika kati ya bendi za Sikinde na Msondo, na miaka ya 1990 kati ya vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano, mashabiki wakihama kumbi kufuata mpasho mpya. Simba na Yanga sina haja ya kueleza. Mswahili akipewa upande, anashiriki.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna namna nyingine tena. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Kishirazi, hufanyika Julai. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa migomba, kwa nguvu lakini kwa mpaka unaojulikana, mpaka hasira za mwaka mzima ziishe mikononi. Kibanda cha makuti kinajengwa, wazee wanaingia, kinawashwa moto, nao wanatoka mbio moshi ukipanda, na mwelekeo wa moshi huo unasomwa. Wanawake, wamevaa nguo zao nzuri kabisa, wanazunguka uwanja wakiimba nyimbo zinazotaja bila kuficha mambo ambayo siku nyingine hayatajwi. Halafu kuna sharti ambalo ndilo hasa lililonivuta: nyumba isikose mgeni siku hiyo. Ukipita Makunduchi peke yako, mtu atakuita ule. Pande mbili zinapigana, lakini mgeni hana upande wa kupigwa, ana sahani.

Sharti hili la mgeni ndilo dawa ya udhaifu mmoja mkubwa wa kanuni ya Kisukuma. Umati kuwa jaji ni haki pale tu pande zinapolingana. Katika mji wa makabila mengi, kabila lenye watu wengi lina umati tayari kabla ngoma haijapigwa. Tukiliita tamasha Nsemulwa na kuwaambia Wabende, Wakonongo na Wasukuma washindane kila mmoja na ngoma yake, tutajua mshindi asubuhi. Na wenyeji wa ardhi hii, ambao jina la Katabi, mzimu wa Hifadhi ya Katavi na ziwa lake, ni lao, watajikuta pembezoni mwa uwanja wao wenyewe. Sisemi haya kwa kubuni hofu. Katika migodi ya Zambia, J. Clyde Mitchell alichunguza ngoma ya kalela miaka ya 1950 na akakuta kila kundi linacheza kwa jina la kabila lake, likijisifu na kuyakejeli mengine. Kalela ilitoka tumbo moja na beni, lakini ilipopandwa kwenye mgawanyo wa kabila, ikazaa mgawanyo wa kabila.

Kwa hiyo pande ziwe za mtaa. Mtaa huu wa Nsemulwa dhidi ya mtaa ule, kila upande ukiwa na Mbende wake, Msukuma wake, Mfipa wake, Mha wake, na wale wa Katumba ambao asili yao ni nchi ya ngoma kubwa za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Upande ambao hauna mpiga ngoma wa Kikonongo uwe umepungukiwa na silaha. Hapo kabila dogo linakuwa hazina inayogombewa.

Sasa nirudi kwa matamasha ya siku hizi, maana nimeahidi. Sauti za Busara ilianza Zanzibar mwaka 2004 na imekuwa fahari ya Afrika Mashariki. Inafunguliwa kwa maandamano ya barabarani, ngoma na beni zikipita katikati ya watu, watoto wakikimbia nyuma. Saa zile hakuna tiketi wala kamba, na kwangu ndiyo sehemu bora ya tamasha zima. Baada ya hapo watu wanaingia Ngome Kongwe, na ngome ni ngome, ina kuta na mlango. Waandaaji wamejitahidi kwa kuweka bei ya chini kwa Watanzania, na wamewapa wanamuziki wetu jukwaa la kuonekana na dunia. Lakini tamasha lenye jukwaa, taa na mafundi linategemea wafadhili, na mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka Kogwa haukukosa fedha mwaka huo. Migomba haina mfadhili.

Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kimekuwa kikiandaa tamasha tangu miaka ya 1980, imelea vizazi vya wachezaji na waigizaji, na bila chuo hicho ngoma nyingi zisingekuwa na mwalimu leo. Ni kazi kubwa. Ila pale nako ngoma ya Wagogo inapanda jukwaani, inamaliza muda wake, inashuka, inapisha ya Wamakonde.

Kampala ina mifano miwili inayofundisha kwa kupingana. Mwaka 2012 mamlaka ya jiji, KCCA, ilianzisha tamasha la jiji: barabara za katikati zilifungwa, magari yaliyopambwa ya makampuni yalipita, umati ukajaa. Miaka mitano kabla yake, kituo cha utamaduni cha Wajerumani kilikuwa kimeanzisha LaBa!, tamasha dogo la Barabara ya Bukoto, ambako wachoraji walichora mbele ya watu na mpita njia aliweza kusimama akauliza kwa nini uso umekuwa wa buluu. La kwanza lilikuwa na watu wengi zaidi. La pili lilikuwa na mazungumzo. Kwa kata kama Nsemulwa, la pili ndilo linalowezekana, na ndilo ningelichagua hata kama fedha zingekuwapo.

Accra imekwenda mbali kuliko wote. Chale Wote ilianza mwaka 2011 katika mtaa wa wavuvi wa Jamestown, kati ya ngome kongwe za biashara ya utumwa, ikaujaza michoro mikubwa ukutani, maonyesho ya mavazi, ngoma, filamu, baiskeli za michezo ya hatari. Hufanyika Agosti, msimu wa Homowo, sherehe ya Waga, wenyeji wa Accra, ya kuikejeli njaa. Waandaaji hawakuleta tamasha mahali patupu. Walilipandikiza juu ya sherehe ambayo mtaa ulikuwa nayo tayari, yenye watu wake, chakula chake na wakati wake. Hilo ndilo funzo la Accra kwetu, na wengi wanaoiga Chale Wote wanaiga michoro na kuliacha funzo.

Sherehe ambayo Mpanda inayo tayari ni ipi? Wengi watajibu Mwenge. Mwaka 2017 mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa hapa Mpanda, na kila mwaka Mwenge unapopita mahali kuna mkesha: muziki usiku kucha, vyakula vya barabarani, halaiki, ngoma. Mkesha wa Mwenge ni shughuli ya mtaani ambayo watu wengi wa bara wamewahi kukesha nayo. Lakini yeyote aliyehudhuria hafla zetu za serikali anajua mpangilio wake. Meza kuu iko chini ya turubai, ina vitambaa na maji ya chupa. Kikundi cha ngoma kimefika alfajiri na kimesimama juani. Msema chochote anakiita, kinapewa dakika chache za burudani, mama mwenye kigoma kiunoni ndiyo kwanza anaanza kupata joto, na kipaza sauti kinasikika kikishukuru: asanteni sana, sasa tumkaribishe mgeni rasmi. Ngoma ile inaelekea meza kuu, inawapa wananchi mgongo. Imekatwa pale pale ambapo, kwa Wasukuma, umati ungekuwa unaamua.

Huko ndiko jukwaa moja linakotufikisha. Mchezaji anamchezea mkubwa, mwananchi anatazama kwa ubavuni, na kikundi kinalipwa nauli na soda.

Kuhusu michoro, nchi hii haijakosa watu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza na rangi ya kawaida ya mafuta na vipande vya ubao, akazaa mtindo unaojulikana dunia nzima. Vijana wa kundi la Wachata wamechora kuta za Dar es Salaam kwa miaka mingi. Nairobi, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, msanii aitwaye Solo 7 alizunguka Kibera akiandika kwa rangi maombi ya amani kwenye kuta na mageti. Nsemulwa haihitaji kuanza na msanii wa mbali. Kila mji wetu una fundi wa mabango: yule aliyechora vichwa vya mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kinyozi, sahani ya ubwabwa kwenye ukuta wa mgahawa, jino kubwa kwenye ukuta wa daktari. Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yamewapunguzia kazi mafundi hawa. Wapewe kuta, kila upande wa mtaa na fundi wake, wachore siku ile ile ngoma inapopigwa, na watu wapite wakitazama nani anakolea. Wachore kile wanachokitaka wenye mtaa: treni ya Kaliua, viboko wa Katavi, mkwaju wa Katabi, gunia la mpunga, mama na baiskeli yake.

Nayajua maswali ya mwenyekiti wa mtaa. Kelele, ulevi, wezi, wanafunzi wanaotakiwa kulala. Dar es Salaam vigodoro, ngoma za mtaani za usiku kucha, vilipigwa marufuku na viongozi mbalimbali kwa sababu hizo, na zipo sababu za kweli. Jibu ni mchana. Mashindano ya Wasukuma ni ya juani, Mwaka Kogwa ni wa juani. Wachungaji na masheikh watauliza kuhusu dawa na nyoka, na waulizwe wao kwanza, kabla ya ratiba kupangwa. Swali la fedha ni dogo kuliko linavyoonekana, kwa kuwa tamasha la pande mbili linachangiwa na pande mbili. Kinachohitajika kutoka manispaa ni barabara, maji, polisi wawili watatu, na kibali kisichozungushwa.

Ombi langu kwa madiwani na afisa utamaduni wa Manispaa ya Mpanda ni hili. Tengeni Jumamosi moja ya Agosti. Fungeni barabara moja ya Nsemulwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wenyeviti wa mitaa wagawe watu wao pande mbili, kila nyumba itafute mgeni mmoja wa kula naye mchana, na mafundi wa mabango wapewe kuta na ndoo za rangi wiki moja kabla. Msiweke meza kuu. Mkuu wa mkoa akija, achague upande wake kama wengine, asimame nao.

Na wewe msomaji wa Mpanda, usingoje barua. Kamuulize jirani yako anajua kupiga ngoma gani.